Sura ya Saba: Dishi Libaki au Lishushwe?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamirambo, hapa Kigali, alinisimamisha nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri. "Kijana wangu," alisema, "wanangu wameniletea ruta nyumbani. Wananiambia dishi la nini tena. Sasa nikilishusha, habari zangu za Kifaransa nitazipata wapi?"

Swali hilo nimelisikia Kimironko kwa muuguzi aliyezaliwa Bukavu. Nimelisikia Remera kwa mfanyabiashara aliyehamia Kigali kutoka Bujumbura. Wote watatu walisoma kwa Kifaransa, wote wana simu janja, na wote wanalipia king'amuzi kila mwezi huku wakishuku kwamba wanalipa mara mbili.

Nitalitoa jibu mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma sura nzima aondoke nalo. Habari na makala za Kifaransa zipo kwenye intaneti bure na kihalali. Kwa hizo, dishi halihitajiki. Mpira wa moja kwa moja na tamthilia mpya bado vinalipiwa. Na gharama kubwa kuliko zote ni ya intaneti yenyewe, wala watu wengi hawaipigi hesabu mpaka kifurushi kimewaishia katikati ya filamu. Hesabu intaneti kwanza, chaneli utachagua baadaye.

Mtazamaji wa Kifaransa wa ukanda huu ni nani?

Kigali ina nyumba ambazo kidhibiti cha televisheni kinagombaniwa kwa lugha. Babu anataka Kifaransa kwa sababu ndicho alichosomea. Wajukuu wanataka Kiingereza, kwa kuwa mwaka 2008 serikali iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza, na aliyeanza darasa la kwanza baada ya hapo Kifaransa amekikuta kama somo tu. Shangazi aliyerudi kutoka Uganda au Tanzania baada ya 1994 hakukisoma kabisa. Aliyerudi kutoka Congo au Burundi hakusoma kingine. Juu ya hao wote kuna Kinyarwanda cha nyumbani, na Kiswahili, ambacho Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017 lakini ambacho mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ilikuwa inakizungumza tangu enzi za mababu.

Siasa nayo imepita humo. Novemba 2006 Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa, kituo cha utamaduni cha Wafaransa mjini Kigali kikafungwa, na RFI, redio ya Ufaransa, ikaondolewa kwenye masafa ya FM. Uhusiano ulirejeshwa Novemba 2009. Mwaka 2018 Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Rwanda, alichaguliwa kuongoza Jumuiya ya Kimataifa ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Mei 2021 Rais Emmanuel Macron alikuja Kigali na kuzindua kituo kipya cha utamaduni wa Kifaransa. Kwa miaka 15 mtazamaji wa Kifaransa hapa ameona mlango ukifungwa na kufunguliwa. Ndiyo maana wazee kama mwalimu wetu hawapendi kuambiwa "shusha dishi" bila maelezo. Wanakumbuka jinsi sauti inavyoweza kupotea asubuhi moja.

Ukivuka mpaka, kundi linakuwa kubwa zaidi. Goma, Bukavu na Lubumbashi, mtu anasoma kwa Kifaransa, ananunua sokoni kwa Kiswahili. Bujumbura hivyo hivyo, na Kirundi katikati. Kwa hiyo sehemu kubwa ya watazamaji wa Kifaransa wa ukanda wa Maziwa Makuu ni Waswahili kwa ulimi. Liweke hilo akilini. Tutalirudia, kwa sababu wenye majukwaa wanaonekana hawajaligundua.

Njia tatu za picha kufika sebuleni

Ya kwanza ni dishi. Setilaiti iko angani, inamwaga picha ileile kwa kila aliyeelekeza dishi kwake, na king'amuzi kinafungua chaneli ulizolipia. Canal+ na DStv hufanya kazi hivyo. Uzuri wake ni kwamba nyumba moja ikitazama au nyumba laki moja, mawimbi hayapungui, na ukitazama saa kumi na mbili mfululizo hulipi zaidi.

Ya pili ni antena ya kawaida ya dijitali, inayopokea kutoka mnara wa duniani. Rwanda ilizima mitambo ya zamani ya analojia mwaka 2014, na tangu hapo televisheni ya taifa na za binafsi hufika kwa njia hii. StarTimes, kampuni ya Kichina, ilianzia safari yake ya Afrika hapahapa Rwanda mwaka 2007.

Ya tatu ndiyo mada yetu: kutiririsha. Maana yake ni kutazama video huku inaingia kwenye kifaa chako kupitia intaneti, bila kungoja faili zima lipakuliwe. Ni kama maji ya bomba, unakinga yanayotoka. Hungoji tangi lijae. Jukwaa ni tovuti au programu ya simu inayokupa video hizo. Tofauti na dishi ni kubwa: hapa kila mtazamaji anatumiwa nakala yake peke yake, na kila dakika anayotazama inatumia data.

Hesabu ambayo duka la simu halikufanyii

Hapa naomba msomaji atulie, achukue kalamu.

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani maji yanatoka kwa nguvu gani. Kifurushi hupimwa kwa gigabaiti, yaani tangi lina maji kiasi gani. Ni vitu viwili tofauti, na majina yake yanafanana vya kutosha kumchanganya hata mhandisi aliyechoka. Baiti moja ni biti nane. Kwa picha safi ya kiwango cha juu, Netflix wanapendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, gawa kwa nane, unapata zaidi ya gigabaiti 2 kwa saa. Kasi ni nzuri, tangi linaisha.

Netflix wenyewe wanatoa makadirio haya ya matumizi kwa saa moja:

- ubora wa chini: gigabaiti 0.3
- ubora wa kati: gigabaiti 0.7
- ubora wa juu: hadi gigabaiti 3
- ubora wa juu kabisa, kwa televisheni kubwa za kisasa: hadi gigabaiti 7

Majukwaa mengine hayapishani sana na hapo. Sasa tumfikirie mwalimu wetu. Kila usiku anatazama habari nusu saa na makala saa nzima, jumla saa moja na nusu. Kwa mwezi ni saa 45. Akitazama kwa ubora wa chini, atatumia gigabaiti 13.5. Kwa ubora wa kati, 31.5. Kwa ubora wa juu, gigabaiti 135. Mtu yuleyule, kiti kilekile, habari zilezile. Matumizi yamezidi mara kumi kwa sababu ya kitufe kimoja ndani ya mipangilio ya programu. Na kitufe hicho mara nyingi kimeachwa kwenye neno "otomatiki", ambalo maana yake ni kwamba programu itachukua ubora wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu.

Kwenye skrini ya simu, jicho la kawaida halioni tofauti kubwa kati ya ubora wa kati na wa juu. Kwa anayenunua vifurushi vya simu, kubadilisha kitufe hicho ndiyo akiba kubwa kuliko zote zilizomo katika sura hii.

Ukiwa na faiba nyumbani, hesabu inageuka. Faiba ni waya mwembamba wa kioo unaosafirisha data kwa mwanga. Kwa kawaida hulipiwa kwa mwezi kulingana na kasi, bila kupimiwa gigabaiti. Kigali imepata ushindani wa kweli katika hilo tangu mwaka 2020, ilipoingia huduma ya CANALBOX, ambayo imetoka katika familia ileile ya kibiashara ya Canal+ wenye dishi. Mwenye dishi ameona maji yanakoelekea, akachimba mfereji wake.

Upande wa simu, kwa karibu miaka tisa mtandao wa 4G ulikuwa mikononi mwa kampuni moja, KTRN, ya ubia kati ya Korea Telecom na serikali ya Rwanda. Ilianza kazi Novemba 2014, nayo iliuza kwa jumla kwa kampuni za simu, na kampuni za simu zikatuuzia sisi. Mwaka 2023 ukiritimba huo uliondolewa, MTN na Airtel wakaruhusiwa kujenga 4G yao. Mwaka huohuo Starlink, intaneti ya setilaiti, ilifunguliwa Rwanda, na simu janja za 4G zikaanza kuuzwa kwa faranga 20,000 chini ya mpango wa ConnectRwanda. Aliyepiga hesabu yake mwaka 2019 akaona intaneti ni ghali mno aipige upya.

Kuna jambo moja zaidi, wengi hawalijui. Rwanda haina bahari. Intaneti yake kutoka nje hupita nchi kavu hadi Mombasa na Dar es Salaam, kisha huingia kwenye nyaya za chini ya bahari. Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na Seacom, zilikatika kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Majukwaa makubwa hujikinga kwa kuweka ghala la nakala karibu na mtazamaji: video inayopendwa husafiri mara moja, ikahifadhiwa katika kompyuta za mtoa huduma wa hapa au wa nchi jirani, na watazamaji wanaofuata wanachotewa hapo. Jukwaa dogo lisilo na ghala linakutumia kila kitu kutoka Ulaya. Video ikikwamakwama kwenye jukwaa moja na kuteleza kwenye jingine, usikimbilie kulaumu ruta yako. Huenda tofauti ni umbali wa ghala.

*Kwa ufupi: mwenye kifurushi cha simu ashushe ubora wa video kwanza, mwenye faiba atazame kwa raha, na kila mmoja azidishe saa zake kwa gigabaiti kabla ya kughairi king'amuzi.*

Vya bure, na ni halali

Watu hushangaa ninapowaambia kwamba sehemu nzuri ya televisheni ya Kifaransa haina malipo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa yake inagharimiwa na kodi za nchi zinazotaka lugha yao isikike.

TV5MONDE ndiyo ya kuanzia. Ilizaliwa Januari 1984, na tarakimu 5 katika jina lake ni chaneli tano zilizoianzisha: tatu za Ufaransa, moja ya Ubelgiji na moja ya Uswisi. Kanada na Quebec walijiunga baadaye. Septemba 2020 walizindua jukwaa la TV5MONDEplus, lenye filamu, tamthilia, makala na vipindi vya watoto, bila ada. Unafungua tovuti au programu, unachagua, unatazama. Kwa familia inayotaka watoto wasikie Kifaransa nyumbani huku shule ikifundisha kwa Kiingereza, sijaona cha bure kinachokizidi.

France 24 ni chaneli ya habari iliyoanza Desemba 2006. Inarusha matangazo yake ya Kifaransa mfululizo, saa 24, kwenye tovuti yake na kwenye YouTube. Africanews, iliyoanza mwaka 2016, nayo iko YouTube kwa Kifaransa na Kiingereza, na habari zake ni za bara letu. Hizi mbili peke yake zingemtosha mwalimu.

ARTE ni chaneli ya pamoja ya Ufaransa na Ujerumani, yenye makao Strasbourg. Makala zake za historia, sayansi na sanaa ni za kiwango cha juu sana. Nyingi zinafunguka hapa Kigali. Baadhi zinafungwa kwa sababu nitakazozieleza punde.

Kisha kuna YouTube yenyewe, na hapa naomba msomaji asiidharau. Watengenezaji wa tamthilia wa Dakar na Abidjan wanaweka kazi zao humo wenyewe, kihalali. Kampuni ya Marodi ya Senegal imepata watazamaji wengi kwa tamthilia za Kiwolofu zenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Bibi wa Kicukiro asiyejua neno la Kiwolofu anazifuata kwa kusoma, na Kifaransa chake kinabaki hai.

Vya kulipia

Hapa nitapita upesi, kwa kuwa bei hubadilika na kitabu hakibadiliki.

Canal+ ndiye mkubwa wa Kifaransa katika bara. Mteja wake mwenye king'amuzi ana haki ya kutumia programu ya simu ya Canal+ kwa usajili uleule. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu kipya, fungua ile uliyokwisha kuilipia. Nimekutana na watu wengi Kigali wanaolipa kila mwezi kwa pesa za simu na hawajawahi kuiingiza kwenye simu zao. Septemba 2025 Canal+ walichukua udhibiti wa MultiChoice, wenye DStv. Madishi mawili yaliyokuwa yakishindana juu ya paa za Kigali, la Kifaransa na la Kiingereza, sasa yana mmiliki mmoja. Bei na mpangilio wa chaneli usitegemee vikae kama vilivyo.

Netflix iliingia Rwanda Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 100. Wengi hulalamika kwamba Kifaransa ni haba humo. Mara nyingi kosa ni la mpangilio: Netflix hutanguliza lugha za sauti kulingana na lugha ya wasifu wako. Nenda kwenye wasifu, badilisha lugha iwe Kifaransa, na sauti za Kifaransa zitajitokeza kwenye filamu nyingi ambazo jana zilifunguka kwa Kiingereza. Katika nyumba yenye lugha tatu, tengeneza wasifu wa babu, wa mama na wa watoto, kila mmoja kwa lugha yake. Ugomvi wa kidhibiti utapungua.

"Video hii haipatikani nchini kwako"

Sentensi hiyo inaudhi kuliko zote. Mtu anafungua tovuti ya televisheni ya taifa ya Ufaransa, anaona kipindi anachokipenda, anabonyeza, anakutana na ukuta.

Ukuta huo unaitwa haki za kurusha. Mwenye filamu au mchezo hauzi kitu kimoja kwa dunia nzima. Anauza kipande kwa kila nchi au ukanda. Aliyenunua haki za Ufaransa haruhusiwi kuonyesha Rwanda, kwa kuwa za Rwanda zimeuzwa kwa mwingine, au hazijauzwa kabisa. Jukwaa linajua uko wapi kwa kusoma anwani ya intaneti yako, namba ambayo kila mtandao hupewa na ambayo inaonyesha nchi.

Mpira ndio mfano ulio wazi. Jina la Rwanda limekuwa likitangazwa na Paris Saint-Germain tangu Desemba 2019, kwa mkataba wa "Visit Rwanda". Mei 31, 2025, timu hiyo ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mjini Munich kwa kuifunga Inter mabao 5-0. Lakini kijana wa Gikondo anayetaka kutazama mechi kama ile kwa Kifaransa hana ruhusa ya kupita kwenye jukwaa la Ufaransa. Inambidi apitie kwa aliyenunua haki za Afrika. Jina la nchi yake kuwepo uwanjani halibadilishi mkataba wa matangazo.

Wengine watakuambia utumie VPN. Hii ni programu inayopitisha intaneti yako kwenye handaki hadi nchi nyingine, ili ionekane umetokea huko. Ina kazi nzuri, kama kulinda mawasiliano yako kwenye mtandao wa mgahawa. Lakini kuitumia kudanganya jukwaa kuhusu mahali ulipo kunavunja masharti uliyoyakubali ulipojisajili, na majukwaa mengi huigundua na kufunga. Tena inapunguza kasi. Sikushauri ujenge televisheni ya familia juu ya handaki.

Sanduku la chaneli elfu tano

Jirani yangu alinunua kwa muuzaji mmoja mjini sanduku dogo jeusi. Aliahidiwa chaneli elfu tano, zote za Ufaransa, Ubelgiji na mpira wa dunia nzima, kwa malipo ya mara moja kwa mwaka. Lilifanya kazi wiki saba. Wiki ya nane skrini ilikuwa nyeusi, na namba ya muuzaji haikupatikana tena.

Sanduku lenyewe si kosa. Kuna masanduku halali ya kugeuza televisheni ya zamani kuwa janja. Kosa ni chaneli za wizi zilizowekwa ndani. Mtu amelipia usajili mmoja, anaunasa mtiririko wake, anauza nakala kwa maelfu. Wenye haki wakimgundua, wanamzima, na mnunuzi hana pa kudai. Tena programu hizo hupakuliwa nje ya maduka rasmi ya programu, nawe umezipa mlango wa mtandao wa nyumba ambamo unafanyia malipo ya simu.

Utayatambua hivi:

- chaneli za kampuni zinazoshindana zimewekwa pamoja kwa bei ndogo kuliko ya yeyote kati yao
- unalipa kwa namba ya mtu binafsi, hupewi risiti wala jina la kampuni
- programu haimo kwenye duka rasmi. Unatumiwa faili kwa WhatsApp
- unaambiwa usimwonyeshe mtu

Hilo la mwisho peke yake latosha.

Kinachokosekana

Nilisema tutarudi kwa Mswahili anayetazama kwa Kifaransa. Fungua majukwaa yote niliyoyataja, tafuta Bukavu, tafuta Gitega, tafuta Huye. Utapata habari za vita, utapata sokwe wa milimani. Tamthilia utazipata za Abidjan na Dakar, nazo ni nzuri, lakini ziko mbali kama Kigali ilivyo mbali na Cairo. Sebule ya Maziwa Makuu, yenye Kifaransa cha shule, Kiswahili cha sokoni na lugha ya mama katika mazungumzo ya dakika moja, haionekani.

Na si kwamba watu hawaitaki. Angalia agasobanuye, filamu za nje zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda na msimulizi mmoja anayeigiza sauti zote na kuongeza maelezo yake. Ni ndugu wa kazi ya DJ Afro Kenya na ya hayati Lufufu Tanzania. Nkusi Thomas, msimulizi aliyejulikana kama Yanga, alifariki Agosti 2022, na Wanyarwanda wengi walimlilia kama mtu aliyekaa nao sebuleni miaka yote. Watu walivumilia picha mbovu na nakala za kuchoma kwenye diski kwa sababu sauti ilikuwa yao.

Canal+ waliiona nguvu hiyo. Mwaka 2022 walinunua sehemu kubwa ya Zacu, kampuni ya Kinyarwanda ya Misago Wilson, mwenye tamthilia za Seburikoko na City Maid, na ikapatikana chaneli ya Kinyarwanda ndani ya king'amuzi cha Kifaransa. Ilikuwa hatua sahihi. RFI nao waliiona upande wa redio: tangu mwaka 2010 wana idhaa ya Kiswahili, iliyoanzia Dar es Salaam. Kama redio ya Ufaransa imeona inafaa kuzungumza nasi Kiswahili, sioni kwa nini jukwaa la video liwe na maandishi ya Kipolandi na Kiitaliano, kama ARTE walivyo nayo, na lisiwe na ya Kiswahili. Mama wa Goma aliyeishia darasa la sita angefuata makala yoyote ya ARTE kwa maandishi hayo. Kuweka maandishi chini ya picha ni kazi rahisi kuliko kutengeneza filamu. Ni jambo la kuamua tu.

Mwalimu alivyoamua

Nilimtembelea mwalimu jioni moja. Nilimwekea TV5MONDEplus na France 24 kwenye simu, nikashusha ubora wa video hadi wa kati, nikamwonyesha mahali simu inapoandika gigabaiti zilizotumika. Dishi tuliliacha juu. Nilimwomba atazame kwa simu na ruta mwezi mzima, aandike kwenye daftari kila siku alichotazama na kilichomkosesha raha.

Daftari lake lilionyesha kwamba kwenye dishi alikuwa anafungua chaneli tatu tu kati ya zote alizozilipia, na mbili kati ya hizo zilikuwa bure kwenye intaneti. Ya tatu ilikuwa ya mpira, nayo aliitazama siku za Jumamosi. Alihamia kifurushi kidogo zaidi cha king'amuzi. Dishi bado liko juu ya paa.

Nawe fanya hivyo kabla ya kumwita fundi: daftari, kalamu, siku 30.